David Clyde, Brien Taylor na chipukizi wa besiboli waliovunjwa kabla hawajaiva

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Najua humu ndani wapenzi wa besiboli tunahesabika, ila naomba mnivumilie. Habari hii nimekaa nayo muda mrefu na leo naitua.

Niliishi Durham, North Carolina, miaka sita, nikipiga zamu za usiku ghalani. Pale kuna timu inaitwa Durham Bulls, ngazi moja tu chini ya ligi kuu ya Marekani, na kiingilio chake hata mbeba maboksi anakimudu. Siku ambazo sina zamu nilikuwa naenda. Jioni moja nikapata kiti karibu kabisa na pale warushaji wanapopashia mkono. Kijana mmoja, mrefu mwembamba, alikuwa anarusha. Mpira wenyewe huuoni sawasawa, unasikia tu "paa!" kwenye glovu ya mdakaji, kama mtu kapasua ubao wa mninga. Watoto kwenye uzio wanashangilia. Mimi macho yangu yakanasa jambo jingine: kila baada ya mirusho mitatu minne anawapa watu mgongo, anaushika upande wa ndani wa kiwiko kwa kidole gumba cha mkono wa pili, anaminya, anakunja, anakunjua, halafu anageuka na uso mkavu kama hakuna kitu. Babu mmoja aliyekaa pembeni yangu, kofia yake imepauka kwa jua, akaniambia: "Huyo anaumwa, na hatasema."

Angesemaje? Nyuma yake kuna vijana kumi wanaisubiri nafasi yake.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema kijana fulani "alichezea kipaji", huwa namwuliza kwanza: unajua kilichompata? Nimesoma sana habari za chipukizi waliotabiriwa makubwa wakaishia njiani, na wengi niliowakuta hawakuchezea chochote. Walitumiwa.

Kwa wasioujua mfumo, kwa kifupi. Tangu 1965 timu za ligi kuu ya Marekani hugawana vijana kila mwaka kwa utaratibu unaoitwa drafti (si ile ya vizibo vya soda). Kwa miaka mingi timu zilizoshika mkia ndizo zilizokuwa zinachagua kwanza. Kijana anayechaguliwa wa kwanza nchi nzima anapewa fedha, kamera, na jina la mwokozi. Halafu kwa kawaida anapelekwa ligi za chini, ngazi kwa ngazi, mabasi ya usiku na hoteli za barabarani, hadi aive. Neno la kushika hapo ni "aive".

David Clyde

Houston, Texas, 1973. Clyde ana miaka 18, anarusha kwa mkono wa kushoto, yupo mwaka wa mwisho shule ya sekondari ya Westchester. Msimu ule alishinda mechi 18 na hakupoteza hata moja. Alitoa wapigaji 328 kwa straiki tatu (mpigaji anashindwa mipira mitatu mizuri, anatolewa) katika vipindi 148. Kila kipindi kina watu watatu wa kutolewa, kwa hiyo kati ya watu 444, hao 328 walirudi kukaa bila kuufanya mpira lolote. Alivaa jezi namba 32 kwa mapenzi yake kwa Sandy Koufax, mrushaji mkubwa wa mkono wa kushoto wa Dodgers, na watu wakaanza kusema Koufax mpya kazaliwa.

Texas Rangers wakamchagua wa kwanza. Na hapa ndipo roho inaponiuma. Timu ile ilikuwa imehamia Texas kutoka Washington mwaka mmoja tu nyuma, ilikuwa mbovu, na mashabiki hawaji. Mwenye timu, Bob Short, alikuwa anahitaji watu wapite getini. Kijana wa Texas, tena maarufu namna ile, ulikuwa ni mtaji. Wakakubaliana asipitie ligi za chini kwanza, arushe moja kwa moja ligi kuu, mechi mbili nyumbani, kisha ndipo ashushwe akajifunze.

Tarehe 27 Juni 1973, hata mwezi haujaisha tangu amalize sekondari, Clyde akasimama kwenye kichuguu cha warushaji pale Arlington. Watu 35,698. Uwanja ule haukuwahi kujaa kabla ya siku hiyo. Mechi ilibidi ichelewe kuanza kwa sababu barabara zilikuwa zimefunga kwa magari. Jaribuni kumwona huyo mtoto. Wapigaji wawili wa kwanza wa Minnesota Twins akawapa besi ya bure (mrushaji akikosea mirusho minne, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila kupiga), mmoja wao Rod Carew, mpigaji hatari kuliko wote wakati ule. Uwanja umenyamaza. Halafu akawatoa watatu waliofuata kwa straiki tatu tatu. Alirusha vipindi vitano, akatoa watu 8 kwa straiki, akatoa besi za bure 7, na mpira wake ukapigwa vyema mara moja tu. Rangers wakashinda 4-3.

Hebu ziangalieni tena namba hizo. Besi za bure 7 katika vipindi vitano! Mwalimu yeyote angekwambia: moto upo, usukani haupo, mpeleke akafundishwe. Kocha wake, Whitey Herzog, alitaka afanyiwe hivyo hivyo. Lakini getini watu walikuwa wanalipa. Mechi mbili zikawa tatu, tatu zikawa 18. Akamaliza msimu na ushindi 4, vipigo 8. Herzog akafukuzwa kabla msimu haujaisha, akaja Billy Martin, mtu wa ushindi leo leo, ambaye hakuwa na muda wa kulea mtoto.

Baada ya hapo ni kuteremka. Mwaka 1974 ushindi 3 na vipigo 9. Mwaka 1975 mechi moja tu ligi kuu, ndipo wakamshusha, miaka miwili baada ya wakati wake. Bega likaharibika, akapasuliwa. Cleveland wakampa nafasi 1978 na 1979, na 1978 alirusha vizuri kiasi, lakini mwili ulishachoka. Akiwa na miaka 24 alikuwa amecheza mechi yake ya mwisho ya ligi kuu. Hesabu ya jumla: ushindi 18, vipigo 33. Alirudi Texas, akafanya kazi kwenye biashara ya mbao ya ukweni kwa miaka mingi.

Kuna jambo moja la Clyde ambalo kila nikilifikiria nashindwa kukaa kimya. Wachezaji wa enzi zile walihitaji miaka minne kamili ya utumishi ligi kuu ili wapate pensheni. Clyde alipungukiwa siku 37. Mwaka 1980 masharti yakabadilishwa: siku 43 tu zinatosha kumpa mchezaji haki ya pensheni, na siku moja inatosha kwa bima ya afya. Waliostaafu kabla ya hapo wakaachwa nje. Maana yake mtu aliyeujazia watu uwanja wa Arlington kwa mara ya kwanza, mwenye karibu miaka minne, hana alichopata yule aliyekuja baadaye akakaa mwezi mmoja na nusu. Kuanzia 2011 kundi hilo linapewa posho ya mwaka. Posho si pensheni, wakuu.

Brien Taylor

Huyu ni wa pwani. Beaufort, North Carolina, mji wa wavuvi. Nimefika, harufu ya chumvi na matope ya mikoko ya Bagamoyo unaikumbuka papo hapo ingawa mikoko hakuna. Baba fundi uashi, mama, Bettie, alikuwa anachambua nyama ya kaa kiwandani. Mtoto wao alikuwa anarusha mpira kilomita 158 kwa saa kwa mkono wa kushoto akiwa bado shuleni. Mwaka wa mwisho, vipindi 88, waliotolewa kwa straiki 213.

New York Yankees wakamchagua wa kwanza 1991. Wakaja na dola 300,000. Mama akakataa. Alijua mwaka uliotangulia kijana wa Texas, Todd Van Poppel, alilipwa dola milioni 1.2, na hakuona kwa nini wake, mtoto mweusi wa familia maskini, auzwe kwa robo ya bei hiyo. Wakavutana kiangazi kizima. Mwisho Yankees wakalipa dola milioni 1.55, rekodi ya wakati huo. Mimi huyu mama namheshimu sana. Mchambua kaa amekaa meza moja na timu tajiri kuliko zote na hakutikisika.

Na Yankees hawakumharakisha, lazima niseme haki. Misimu miwili ya kwanza alikwenda vizuri. Mwaka 1993, ngazi mbili chini ya ligi kuu, alishinda mechi 13, akapoteza 7, akatoa watu 150 kwa straiki. Besi za bure zilikuwa nyingi bado, 102, lakini alikuwa na miaka 21 na alikuwa anaelekea juu.

Tarehe 18 Desemba 1993 yupo nyumbani kwa likizo. Ndugu yake ameingia kwenye ugomvi na kupigwa. Taylor akaenda kuuliza, ugomvi ukawaka upya, na bega la kushoto likachomoka, nyama laini inayolishikilia ikachanika. Alipasuliwa na Dk. Frank Jobe, daktari yule yule aliyebuni upasuaji wa kiwiko mwaka 1974 uliookoa warushaji wengi kupita hesabu. Lakini bega si kiwiko. Kiwiko unaweza kukiwekea kano mpya. Bega likichanika namna ile, hata leo ni mtihani mgumu.

Msimu wa 1994 hakucheza. Aliporudi, ile kasi haikuwepo na mkono haukujua tena mpira unaachiwa wapi. Mwaka 1996, karibu ngazi ya chini kabisa, vipindi 16 na ushei: besi za bure 43. Nimeisoma takwimu hiyo mara nyingi na bado inaniumiza. Alihangaika hadi 2000, kisha akarudi Beaufort kujenga matofali na baba yake. Baadaye akafungwa kwa dawa za kulevya, na alitumikia kifungo chake. Hajawahi kurusha hata mpira mmoja ligi kuu.

Nakaribisha michango. Kesho nikiwa na nafasi nitawaongelea wengine.

#2 – Mdau, Mwanza

Mkuu umeandika kwa uchungu, ila kwa Taylor sikubaliani nawe. Umelipwa dola milioni 1.55, mkono wako ndio kiwanda chako, halafu unakwenda kugombana mitaani? Hapo wa kulaumiwa ni nani kama si yeye? Clyde ndiyo, alionewa. Taylor alijimaliza.

#3 – Mleta uzi

Nashukuru mkuu, hoja yako wengi wanayo. Lakini jiweke pale. Una miaka 21, upo kijijini kwenu, ndugu yako karudi kapigwa. Utamwambia mama "mimi siendi, nina mkataba na New York"? Kwetu sisi ndugu anayekaa ndani wakati huo tunamwitaje? Alikosea, ndiyo, na alilipa kwa kila alichokuwa nacho. Ninachokataa ni kulichukua kosa la usiku mmoja tukalifanya tabia ya mtu. Kabla ya usiku ule alikuwa amefanya kazi misimu miwili kamili bila malalamiko.

#4 – Mdau, Mombasa

Shukrani ndugu yangu kwa uzi huu. Lakini nina swali. Mwaka huo huo wa 1973, Robin Yount alichaguliwa wa tatu na Milwaukee, na mwaka uliofuata akaingia ligi kuu akiwa na miaka 18 vilevile. Naye Dave Winfield, aliyekuwa wa nne, hakupita ligi za chini hata siku moja. Wote wawili wakavuka mipigo 3,000 na wakaingia kwenye jumba la magwiji. Sasa wasema kuharakishwa ndiko kulikomvunja Clyde, mbona hao hawakuvunjika?

#5 – Mleta uzi

Swali zuri sana, na ndilo nililotaka mtu aulize.

Winfield alikuwa ametoka chuo kikuu, mtu mzima wa miaka 21. Yount ndiye wa kulinganishwa, na tofauti yake ni kazi. Yount alikuwa mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu. Akikosea leo, kesho anacheza tena, keshokutwa tena, na kila siku anajifunza. Mwili wake haulipi faini kwa kila kosa. Mrushaji anayekosea anarusha zaidi: besi ya bure ina mirusho minne mibovu, kipindi kinarefuka, mkono unachoka, na mkono uliochoka unabadili namna ya kurusha ili kukwepa maumivu. Hapo ndipo kano na bega zinapokwisha. Clyde na besi zake saba siku ya kwanza alikuwa analipa kwa nyama yake.

Na ndiyo maana ukiangalia majina ya walioishia njiani, warushaji wamejaa. New York Mets katikati ya miaka ya 1990 walikuwa na warushaji watatu waliopewa jina la kizazi kizima, Jason Isringhausen, Bill Pulsipher na Paul Wilson. Mikono ya wote watatu iliharibika. Isringhausen peke yake alijijenga upya, akawa mfungaji wa mechi (mrushaji anayeingia mwishoni kulinda ushindi) na kumaliza na mechi 300 alizofunga. Wawili wengine hawakufika pale walipotabiriwa.

Si wote ni warushaji, hata hivyo. Steve Chilcott, mdakaji, alichaguliwa wa kwanza na Mets mwaka 1966. Bega liliumia 1967 akijirusha kurudi besi ya pili, na hakufika ligi kuu kamwe. Aliyechaguliwa wa pili siku ile ni Reggie Jackson, homurani 563 (mpira unapigwa hadi nje ya uwanja). Chilcott ameishi maisha yake yote akitajwa kwenye sentensi moja na Jackson, kama vile ni yeye aliyejichagua.

#6 – Mdau, Dodoma

Kuna aliyerudi? Maana mpaka hapa ni msiba mtupu.

#7 – Mleta uzi

Wapo. Mark Appel, mrushaji kutoka Stanford, alichaguliwa wa kwanza na Houston Astros 2013. Wa pili alikuwa Kris Bryant, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa na mchezaji bora wa ligi yake. Appel akaumia, mipira yake ikapigwa vibaya na wapigaji wa ligi za chini, akauzwa Philadelphia, na mwanzoni mwa 2018 akaweka glovu chini kabisa. Kila orodha ya machaguo mabaya ilikuwa inaanza na jina lake. Mwaka 2021 akarudi. Tarehe 29 Juni 2022, ana miaka 30, Phillies wakampa kipindi cha tisa dhidi ya Atlanta. Hakufungwa. Jumla alirusha vipindi kumi na ushei ligi kuu, basi. Mtu akiniambia vipindi kumi ni vichache, namjibu kuwa Appel alivisubiri miaka tisa.

Na Rick Ankiel wa St. Louis. Kijana wa miaka 21, mwaka 2000, anaanza mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Atlanta. Kipindi cha tatu mkono ukasahau kazi yake: mirusho mitano ikapotea kabisa, mpira unagonga ukuta wa nyuma. Hakukuwa na jeraha. Aliutafuta ule mkono miaka zaidi ya minne, mwishowe akaacha kurusha, akaenda kujifunza kupiga kuanzia chini kabisa. Agosti 2007 alirudi St. Louis kama mpigaji, na mechi ya kwanza tu akapiga homurani. Ile video ninayo kwenye simu. Naiangalia siku zikiwa nzito.

#8 – Mdau, Dar es Salaam

Mkuu, mimi nasaidia vijana wetu wa besiboli hapa Dar, tunafanyia mazoezi pale uwanja wa Azania. Kuna mmoja ana miaka 14, mkono wake ni wa ajabu. Kila mechi wenzake wanataka yeye ndiye arushe mwanzo mwisho, na yeye mwenyewe hakatai. Baada ya uzi huu nimeogopa. Nimruhusu kiasi gani?

#9 – Mleta uzi

Ndugu yangu, umenifurahisha kuliko wote humu.

Marekani wameweka mwongozo, ligi kuu pamoja na chama cha besiboli cha nchi, na unahesabu mirusho, si vipindi. Kwa miaka 13 na 14, asizidi mirusho 95 kwa siku, hata kama mnaongoza na hata kama anakulilia aendelee. Halafu mapumziko: akirusha 1 hadi 20 anaweza kurudi kesho. 21 hadi 35, siku moja ya kupumzika. 36 hadi 50, siku mbili. 51 hadi 65, siku tatu. Akifika 66 na kuendelea, siku nne kamili. Na siku aliyorusha asidake, maana mdakaji naye anarusha mpira kila mara kuurudisha.

Nunua daftari. Mtu mmoja akae pembeni, kazi yake iwe kuchora mstari kila mpira unapotoka mkononi mwa kijana, na yule kijana aonyeshwe hesabu kila mwisho wa kipindi. Na ukimwona anawapa mgongo na kushika upande wa ndani wa kiwiko, usimuulize kama anaumwa, atakwambia haumwi. Mtoe tu, mpe maji, mkalishe karibu nawe.